Likizo ya familia Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sehemu tulivu

Waja leo, waondoka leo, ndivyo Tanga inavyosemwa, na kwa familia nyingi za likizo huwa hivyo kweli. Wanafika Ijumaa usiku kwa basi la Dar, Jumamosi jioni wanakwenda ufukwe wa Raskazone, wanakuta magari yamepangana, spika tatu zinapiga nyimbo tatu, mtoto mchanga analia, na Jumapili wanarudi walikotoka wamechoka kuliko walivyokuja. Inaniuma, kwa sababu mji huu una utulivu mwingi na mwingi wake haulipiwi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na wazazi kabla hawajaja na wakiwa wameshafika. Majibu yangu mengi yanarudi kwenye jambo moja: angalia kwanza saa ya maji na saa ya watu, ndipo uchague mahali.

Kuna ufukwe mtulivu karibu na mjini, au ni lazima twende mbali?

Upo, na ukiwa na watoto wadogo nakuomba usiende mbali siku ya kwanza. Raskazone ileile inayojaa Jumapili jioni, Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni yako peke yako. Maji ya ghuba yanakuwa yamelala, huoni hata mkunjo. Ngalawa mbili tatu zinaingia kutoka usiku, tanga limeshakunjwa, mvuvi anasukuma kwa upondo kwa sababu upepo haujaamka. Mtoto akitulia anasikia kaa wakikwaruza kwenye mawe. Mna saa mbili hivi za namna hiyo kabla jua halijaanza kuuma.

Mchana wa siku ya kazi, Bustani ya Jamhuri inatosha kabisa. Iko katikati ya mji, juu ya bandari, ina miti ya kivuli, na mbele yako unakiona kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti ya zamani. Babu anaweza kukaa kwenye benchi bila kupanda wala kushuka ngazi, na kahawa haiko mbali. Kusini ya mji kuna Mwambani, ambako katikati ya wiki unaweza kutembea muda mrefu ukikutana na wavuvi tu.

Bamvua na maji mafu vinaihusu vipi likizo yangu?

Vinaihusu kuliko hoteli utakayochagua. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Siku za robo ya mwezi ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa sikiliza jinsi hilo linavyogeuka kuwa utulivu. Siku za bamvua hapa kwetu, maji hukauka kuanzia kama saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alasiri. Asubuhi ufukwe unakuwa uwanja mkubwa. Maji yamerudi mbali, kumebaki mchanga mgumu, vidimbwi vya maji vuguvugu vyenye samaki wadogo, na nafasi ya kila familia kukaa bila kusikia mazungumzo ya wenzao. Alasiri ya siku hiyohiyo maji yanapanda hadi kwenye mizizi ya mivinje, ufukwe unabaki kipande chembamba, na watu wote waliotawanyika asubuhi wanabanana hapo. Ukienda na watoto siku ya bamvua, nenda saa tatu, ondoka kabla ya saa nane.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, hayapandi sana na mkondo wake ni mpole. Hizo ndizo siku za kumfundisha mtoto kuogelea.

Huhitaji jedwali la kitaalamu. Kama unafuata mwezi mwandamo, unajua tayari: tarehe moja hadi tatu na kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua. Kama hufuati, muulize mvuvi yeyote, "Leo maji yanakupwa saa ngapi?" Atakujibu papo hapo.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Maji yakikupwa sana, ufukwe unakuwa sehemu ya kazi. Akina mama wanatoka kuokota kombe na kutafuta pweza, na huko wilayani Mkinga wanakwenda kwenye mashamba ya mwani. Wape nafasi, watoto wasikanyage kamba za mwani, na usimpige mtu picha akiwa ameinama majini na kanga imelowa. Salamu kwanza, halafu ruhusa.

Tuje mwezi gani?

Mimi nikiulizwa bila masharti, nasema Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati wa matlai. Kusi, upepo wa kutoka kusini, imekwisha, kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, haijaanza, bahari imetulia na maji ni mang'avu. Tatizo ni kwamba watoto wako shuleni.

Likizo ya Juni ni msimu wa kusi. Hali ya hewa ni ya kupendeza, jua si kali, lakini upepo huongezeka mchana na fukwe zinazotazama bahari kuu zinakuwa na mawimbi na mchanga unaopeperuka. Fanyeni mambo yenu asubuhi, mchana hamieni ndani ya ghuba ya Tanga ambako kuna kinga, au tumieni siku hizo kwenda milimani. Desemba kuna kaskazi, joto na mvua za vuli zinazomalizikia. Bahari ni nzuri kwa watoto, ila wageni ni wengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, fukwe ni tupu lakini barabara za vumbi zinakuwa tope, na kwa gari dogo lenye watoto mimi sishauri.

Tumepata nafasi siku za Idd tu. Tutapata utulivu wowote?

Mtapata, kwa hesabu. Idd el-Fitr huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo ni siku ya bamvua. Saa kumi alasiri, wakati watoto wa mji mzima wameshavaa nguo mpya na kupewa pesa za sikukuu, ndiyo saa ambayo bahari nayo imejaa na ufukwe umebaki mwembamba. Nendeni asubuhi wakati watu wako kwenye swala na kusalimiana majumbani. Ufukwe utakuwa mpana na hauna watu. Jioni bakini nyumbani mle vya sikukuu, au mkae barazani. Mtoto anayependa shangwe mpeleke akaone, ni sikukuu yake pia.

Idd el-Hajj huja tarehe kumi ya mwezi, maji hayana nguvu sana, msongamano wa ufukweni huwa na nafuu kidogo. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya msitafute utulivu kwenye fukwe za mjini alasiri, hamtaupata. Pandeni milimani kwenye msitu wa Amani au mwende vijijini.

Na mwezi wa Ramadhani?

Mchana ndio utulivu mkubwa kuliko wote wa mwaka. Mji unatembea polepole, fukwe hazina muziki. Migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo andaeni chakula cha watoto mapema na wale ndani au mahali pa faragha. Jioni mtaa wa Ngamiani unaamka kwa futari, na usiku watu wako nje hadi daku. Wiki za kabla yake, mwezi wa Shaabani, ni kinyume kabisa: ndoa ni nyingi, watu wanavunja jungu, yaani karamu za mwisho kabla ya mfungo, na muziki wa harusi unaweza kwenda hadi alfajiri mtaani. Mwenye mtoto mchanga apange tarehe nyingine.

Tumefikia kwa ndugu. Tutapataje muda wetu bila kuonekana tunajitenga?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Wengi wetu likizo ni kwa shangazi, kwa mjomba, kwa bibi, na nyumba ina watu kumi na wanne, televisheni haizimwi, na kila jioni anakuja mtu kumwona mgeni. Hao ni watu wanaokupenda na hutaki kuwavunja moyo. Lakini mama wa watoto naye ameshika sufuria tangu mfike, na baba amekuwa dereva wa kila anayetaka kwenda sokoni. Hiyo si likizo.

Lugha ya kutumia ipo na kila mtu hapa anaielewa: "Shangazi, tunatoka kidogo kupunga upepo." Haihitaji maelezo marefu, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Sema mapema, usiku wa jana yake, ili chakula kisipikwe cha watu wote halafu kikabaki. Chukua mtoto mmoja wa mwenyeji muende naye. Atawaonyesha njia, na nyumbani itajulikana kwamba hamkujitenga. Mkirudi msirudi mikono mitupu: samaki wabichi, halua, machungwa ya Muheza, chochote.

Na siku moja katika likizo, ninyi wageni pikeni, au mtoe pesa ya mboga waziwazi, ili mwenyeji wako naye apumzike. Mara nyingi shangazi hajafika baharini mwaka mzima ingawa anaishi kilomita tatu tu kutoka huko. Mchukueni. Nimeona mabibi waliokaa wawili chini ya mwembe pale ufukweni, miguu wameinyoosha, hawasemi neno nusu saa nzima, na wajukuu wanacheza mbali. Nao walikuwa wanautafuta utulivu, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Tutajuaje kama nyumba ya wageni ni tulivu kabla ya kulipia?

Picha hazitoi sauti, kwa hiyo piga simu. Uliza jirani ni nani: baa, karakana, barabara kuu, ukumbi wa harusi? Uliza jenereta liko wapi, kwa sababu umeme ukikatika chumba kilicho karibu nalo hakilaliki. Uliza Jumamosi usiku kuna muziki mpaka saa ngapi, na usiridhike na jibu la "hakuna shida". Vyumba vya upande wa bahari ni vizuri wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi makuti huvuma usiku kucha, wapo wanaopenda, wapo wasiolala.

Adhana ya alfajiri mtaisikia karibu kila mahali, na mtaizoea.

Mtoto wetu ana usonji na kelele zinamuumiza. Tanga inamfaa?

Inamfaa, mkipanga. Msianze na soko la Ngamiani wala stendi. Chagueni sehemu moja tu ya bahari na mrudi hapohapo kila siku, saa ileile, ili ajue kinachofuata. Maji mafu ni bora kwake: hayabadiliki haraka, hayana kishindo. Vidimbwi vya kupwa navyo vinawapendeza sana watoto wa aina hii, maana wanaweza kuangalia kitu kimoja muda mrefu bila mtu kuwaharakisha.

Usafiri uamueni mapema. Bajaji ina mtikisiko na mlio mkali, wapo watoto wanaoupenda na wapo wanaoziba masikio. Taksi ya kukodi inagharimu zaidi lakini mnafunga vioo. Na watu wakimkodolea macho, mweleze mtu mzima mmoja aliye karibu, kwa upole, "Mwanangu ana usonji, kelele zinamsumbua." Hapa habari husambaa haraka, na mara nyingi utaona hata vijana wa ufukweni wanapunguza redio bila kuombwa mara mbili.

Magofu ya Tongoni ni sehemu ya kwenda na watoto?

Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote karibu na Tanga. Iko kusini, karibu kilomita ishirini, kwenye barabara ya Pangani. Kuna msikiti wa kale na makaburi kama arobaini yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo, ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na aliporejea mwaka 1499 aliichoma moto hapo karibu meli yake moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha zote.

Siku za kazi mara nyingi mnakuwa peke yenu na mlinzi. Mikoko iko karibu, upepo unapita kwenye miti, ndio sauti pekee. Lakini haya ni makaburi ya watu. Watoto wasipande juu ya kuta, wasikae juu ya kaburi kupigwa picha. Ukiwaambia kabla ya kushuka garini kwamba wanaingia kwa wazee waliolala, hutalazimika kuwakemea wakiwa ndani. Jioni mikoko huleta mbu na usubi, ondokeni mapema.

Mapango ya Amboni je?

Yako kama kilomita nane kaskazini ya mji, ukifuata barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yako kumi, na wageni huingizwa katika moja wakiwa na kiongozi. Mwishoni mwa wiki na wakati wa safari za shule mtakuwa na kundi kubwa mbele na kundi nyuma, na sauti ndani ya pango hazina pa kwenda. Nendeni siku ya kazi asubuhi. Mkifika katikati, mwombeni kiongozi wote mzime tochi kwa dakika moja. Watoto wengi wa mjini hawajawahi kukutana na giza kamili wala ukimya wa namna hiyo. Wa chini ya miaka mitano mwache nje na mtu mzima mmoja. Kuna sehemu za kuinama na popo ni wengi.

Tunataka siku mbili tatu za kimya kabisa. Pangani au Ushongo?

Pangani mjini ni kama kilomita hamsini kutoka Tanga. Ni mji mdogo wa kale kwenye mdomo wa mto, wenye nyumba za milango ya nakshi na boma la Wajerumani. Hapa ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa Desemba 1889 baada ya kuongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na kwenye mashamba ya jirani ndipo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa mwaka 1893. Mtu anaweza kuuzunguka mji wote kwa miguu kabla ya mchana. Baada ya alasiri wazee wako barazani, watoto wako madrasa, na mitaa iko kimya.

Ushongo iko ng'ambo ya kusini ya mto, yapata kilomita kumi na tano kutoka Pangani, ufukwe mrefu wa minazi na vijiji vya wavuvi. Kwa familia inayotaka kulala, kula na kusikia bahari tu, sijui mahali pazuri zaidi katika mkoa huu. Anayevuka kwa pantoni avuke mapema, asisubiri giza akiwa na watoto.

Kutoka Pangani na Ushongo boti hupeleka watu Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kikatangazwa hifadhi mwaka 1975, halafu bahari ikaila ardhi na miti ikaisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linalotokea maji yakikupwa na kuzama yakijaa, limezungukwa na matumbawe. Hapo ndipo saa ya maji inapokuwa amri: nahodha akisema tunaondoka saa mbili, ni saa mbili. Kivuli hakuna hata cha kumfunika paka, kwa hiyo mtoto mchanga abaki nyumbani na wakubwa wavae kofia na shati la mikono mirefu hata majini. Kiingilio cha hifadhi hulipwa, muulizeni nahodha kama kimo kwenye bei mliyopatana.

Kasa bado wanakuja Maziwe kutaga. Mayai yakiachwa pale yanafunikwa na maji, kwa hiyo watu wa Ushongo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda kwa muda wa kama miezi miwili hadi yaanguliwe. Mkibahatika kualikwa kuona vifaranga wakienda baharini, nendeni. Simameni nyuma yao, msiwashike, simu zisitoe mwanga. Sijaona kitu kinachowanyamazisha watoto kwa muda mrefu kama hicho.

Walio na gari imara na siku zaidi wanaweza kuendelea kusini hadi Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na ya pekee Tanzania Bara inayogusa bahari. Huko kuna wanyama wakali, hivyo kutembea hovyo ufukweni na watoto hakuruhusiwi.

Watoto wamechoka na bahari na joto. Twende wapi?

Amani. Mnafika Muheza, mnaacha lami, mnapanda kupitia Zigi hadi kwenye msitu wa Usambara Mashariki, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa mwaka 1902, na msitu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Mtaona mbega, mtasikia hondohondo kabla hamjawaona, na kinyonga wapo wa kila ukubwa. Kuna njia za miguu fupi zinazowezekana kwa mtoto wa miaka sita. Chukueni kiongozi wa kijijini, anajua siafu wamepita wapi.

Mvua hunyesha Amani karibu miezi yote, kwa hiyo makoti yawepo hata kama Tanga mjini ni jua kali. Usiku kuna baridi kidogo na giza zito, na watoto waliozoea feni hulala hadi saa mbili asubuhi.

Lushoto ni nzuri pia na ina baridi zaidi, lakini kutoka Tanga mnapitia Segera, Korogwe na Mombo, halafu kilomita 33 za kona. Kwa siku moja na mtoto anayetapika garini, hapana.

Tumekuta ufukwe hauna mtu. Tunaweza kukaa tu?

Ufukwe usio na mtu mara nyingi una wenyewe. Panapoonekana patupu saa nne panaweza kuwa dago, kambi ya muda ya wavuvi wanaorudi saa sita, au njia ya kupitishia vyombo, au pa kuanikia dagaa. Angalia dalili: magogo ya kuvutia ngalawa, majivu, nyavu zilizofunikwa, kibanda cha makuti. Ukiziona, sogea mita mia moja.

Karibu na kijiji, mtu mzima mmoja atangulie kupiga hodi, watoto wakisubiri. Mzee aliyekaa chini ya mti mpe shikamoo yake, mweleze mmetoka wapi na mnataka kupumzika hadi saa ngapi. Atawaambia pasipofaa kuogelea, na kuanzia hapo mna mwenyeji. Kama kuna BMU, kamati ya wanakijiji ya kusimamia ufukwe na uvuvi, au mwenyekiti wa kijiji, atawaelekeza. Mavazi ya kuogelea yaishie majini. Ukitoka, jifunge kanga au vaa fulana. Redio yenu nayo izimwe. Mmefuata utulivu, msiwaletee wenzenu kelele.

Tunaweza kuogelea popote?

Hapana. Msiogelee mto Pangani: kuna mamba, na pale mdomoni mkondo wa kutoka ni mkali maji yakianza kupwa. Kwenye miamba vaeni yeboyebo kwa ajili ya miiba. Sehemu tulivu haina mwokoaji, kwa hiyo mtu mzima mmoja akae anaangalia maji bila simu mkononi, mbadilishane. Kwenye boti kila mtoto awe na jaketi okozi inayomtosha. Kama hakuna, msipande, hata kama bei imeshalipwa.

Tubebe nini?

Maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani, mkeka, kanga tatu, chandarua cha mtoto, dawa ya mbu, na mfuko wa kurudishia takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumieni kikapu. Chakula kiwe kisichotaka moto: wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mihogo ya kuchemsha, kashata. Madafu mtayapata njiani.

Mtandao wa simu unashika?

Mjini na Pangani vizuri. Kwenye msitu wa Amani na baadhi ya sehemu za pwani ya kusini unakatika. Waambieni wa nyumbani kabla hamjaondoka.

Jioni tutapata usafiri wa kurudi?

Mahali patulivu ndipo usafiri ulipo haba, kwa hiyo panga kurudi kabla ya kwenda. Patana na dereva mmoja wa bajaji au taksi bei ya kwenda na kurudi, mlipe nusu, chukua namba yake na umpe saa kamili. Mwambie saa kumi na nusu kama unataka aje saa kumi na moja. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na giza huingia upesi. Muwe mmeshakunja mkeka na kuhesabu watoto wakati bado mnaonana nyuso.